Kura ya Wenyeji wa Asili wa Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani, hasa Arizona, Utah na majimbo ya Dakota, hujikuta majirani wa watu ambao habari zao hawakuzisoma shuleni. Wengi husikia kwamba wenyeji hao walinyimwa kura hadi juzijuzi, wakadhani wamesikia vibaya. Hawakusikia vibaya. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara, na majibu yake kwa kadiri ninavyoyafahamu.

Kwanza kabisa, tuwaite nani?

Vitabu vyetu vya zamani viliwaita "Wahindi Wekundu". Columbus alidhani amefika Asia, akawapa watu jina lisilo lao, na Kiswahili kikalipokea kosa lake pamoja na rangi juu yake. Kwetu jina hilo linachanganya zaidi, maana Mhindi tunamjua: ni jirani yetu wa Upanga na Ngara. Hapa nitasema wenyeji wa asili, au nitamtaja mtu kwa jina la watu wake, kwa sababu ndivyo wenyewe wanavyopenda: Mnavajo, Mlakota, Mpima.

Neno jingine la kutahadhari nalo ni "hifadhi". Ardhi walizobakishiwa wenyeji hawa mara nyingi hutafsiriwa hivyo, lakini hifadhi kwetu ni Tsavo na Serengeti, mahali pa wanyama. Nitasema "maeneo yaliyotengwa". Mengine ni madogo kama kijiji, mengine ni makubwa ajabu. Ardhi ya Taifa la Navajo, inayogusa Arizona, New Mexico na Utah, ina takriban kilomita za mraba 71,000. Chukua Rwanda na Burundi, ziunganishe, na bado Navajo itabaki kubwa. Makabila yanayotambuliwa na serikali ya Marekani ni zaidi ya 570, kwa hiyo kila ninaposema "wenyeji" ujue nimerundika mataifa mengi ndani ya neno moja.

Walipata haki ya kupiga kura mwaka gani?

Ukitaka jibu la mtihani, andika 2 Juni 1924, siku Rais Calvin Coolidge alipotia saini sheria iliyowafanya wenyeji wote waliozaliwa Marekani kuwa raia. Tatizo ni kwamba sheria ile ilitoa uraia, na kura ikabaki mikononi mwa majimbo, kwani kule ni jimbo linaloamua nani aingie kwenye daftari la wapiga kura. Arizona na New Mexico ziliendelea kuwazuia hadi 1948. Utah iliwazuia waishio kwenye maeneo yaliyotengwa hadi 1957. Maine iliwaruhusu kuchagua viongozi wa kitaifa mwaka 1954, lakini kura ya viongozi wa jimbo lenyewe wakaisubiri hadi 1967.

Jambo la kuliangalia katika historia hii ni ile sababu inayotolewa. Mara nyingi hakuna aliyewaambia "hatuwataki". Waliambiwa: ninyi ni wageni. Wakawa raia, wakaambiwa: ninyi ni kama watoto chini ya mlezi. Hilo likaanguka, wakaambiwa: hamkai katika jimbo hili. Kisha: hamjui kusoma Kiingereza. Na siku hizi: nyumba yako haina namba. Mlango ni uleule, kinachobadilishwa ni kufuli.

Mtu anakuwaje mgeni katika nchi aliyozaliwa yeye na mababu zake?

Ndilo swali ambalo John Elk alilipeleka mahakamani. Elk alizaliwa katika kabila, akaondoka, akahamia mji wa Omaha huko Nebraska, akaishi miongoni mwa wazungu. Mwaka 1880 alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Karani, Charles Wilkins, akamkatalia. Elk alikuwa na hoja nyepesi: marekebisho ya 14 ya katiba, ya mwaka 1868, yanasema kila aliyezaliwa Marekani na aliye chini ya mamlaka yake ni raia, na marekebisho ya 15, ya mwaka 1870, yanakataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi au asili yake.

Tarehe 3 Novemba 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia, majaji saba kwa wawili. Walisema aliyezaliwa ndani ya kabila amezaliwa chini ya utii wa kabila, na wakamfananisha na mtoto wa balozi wa nchi ya kigeni aliyezaliwa Marekani. Tena wakasema hawezi kujifanya raia kwa kuhama tu; lazima serikali imkubali. Jaji Harlan alipinga, akaonyesha kwamba tafsiri hiyo inamwacha mtu bila taifa lolote: si wa kabila tena, na Marekani haimtaki.

Wakati huohuo sheria ya uraia wa kuandikishwa ya 1870 iliwafungulia mlango wazungu pamoja na watu wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo, kisheria, Mwafrika aliyeshuka melini New York mwaka 1884 aliweza kuomba uraia wa Marekani, na John Elk, ambaye mababu zake walikuwapo kabla ya Marekani yenyewe, hakuweza. Soma tena ukitaka.

Kwa hiyo kabla ya 1924 hakukuwa na mwenyeji aliyepiga kura?

Walikuwapo, na si wachache. Wengine walipata uraia kwa mikataba ya makabila yao, wengine kwa kuoana na raia, na wengi kwa Sheria ya Dawes ya 1887. Sheria hiyo iliivunja ardhi ya pamoja ya makabila na kuigawa vipande, kwa kawaida ekari 160 kwa mkuu wa kaya. Aliyekubali kipande na kuishi "kistaarabu" alipewa uraia. Ardhi iliyobaki ikatangazwa ni ya ziada, wakauziwa walowezi. Makabila yalikuwa na takriban ekari milioni 138 mwaka 1887. Kufikia 1934 zilibaki kama milioni 48. Ukiniuliza, hiyo ndiyo kura ghali kuliko zote nilizowahi kuzisoma.

Serikali ilitunga hata sherehe yake. Mwaka 1916 kwenye eneo lililotengwa la Yankton, South Dakota, waziri wa mambo ya ndani ya nchi (kule ndiyo wizara inayosimamia mambo ya wenyeji), Franklin Lane, aliongoza tambiko la kuwapokea raia wapya. Mwanamume aliitwa kwa jina lake la kienyeji, akapewa upinde na kuambiwa arushe mshale wake wa mwisho. Akaurusha. Akaitwa kwa jina lake la kizungu, akaambiwa ashike mpini wa jembe la kukokotwa. Kisha akakabidhiwa pochi ya kutunza fedha. Mwanamke naye alipewa mkoba wa vifaa vya kazi za nyumbani. Msomaji aliyebatizwa jina jipya na walimu wa misheni ndipo apate kiti darasani hahitaji kuelezwa maana ya mshale ule.

Kwa nini sheria ikaja mwaka 1924 hasa?

Vita Kuu ya Kwanza ilichangia sana. Takriban wenyeji 12,000 walipigana upande wa Marekani, wengi wakiwa si raia wake. Mwaka 1919 waliotoka jeshini kwa heshima waliruhusiwa kuomba uraia, na ikawa vigumu kueleza kwa nini mwenye medali awe raia na mama yake asiwe. Ila tusiipake sukari. Waliosukuma sheria ile Kongresi, yaani bunge la Marekani, walikuwamo pia waliotumaini kwamba uraia ungeyeyusha makabila hadi yasionekane. Waliofanywa raia siku ile walikuwa kama 125,000. Waliobaki walikuwa tayari wamepitia njia nilizozitaja.

Bila shaka walifurahi?

Wengine walifurahi. Wengine walikasirika, na hasira yao ina mantiki ambayo sisi tuliotawaliwa tunaweza kuifuata.

Watu wa Haudenosaunee, ule muungano wa mataifa sita ambao wazungu waliuita Iroquois, walikuwa na dola yao kabla ya Marekani kuzaliwa. Walitia saini mkataba na mjumbe wa Rais George Washington huko Canandaigua mwaka 1794, na hadi leo serikali ya Marekani huwapelekea kitambaa kila mwaka, kama mkataba unavyosema. Hoja yao ilikuwa fupi: nchi haiweki mkataba na raia wake, inaweka na nchi nyingine. Sasa nani amewaomba mtufanye raia wenu? Waonondaga, taifa mojawapo kati ya hayo sita, walimwandikia Coolidge kuukataa uraia huo. Mkuu wa Watuscarora, taifa jingine kati ya hayo, Clinton Rickard, alipinga pia, akiona kwamba uraia wa kulazimishwa ni mlango wa kupoteza ardhi.

Msimamo huo haujafa. Wapo Haudenosaunee hadi leo wasiopiga kura katika chaguzi za Marekani kwa makusudi, na wanasafiri kwa pasipoti zao wenyewe. Mwaka 2010 timu yao ya lakrosi, mchezo ambao wao ndio waliouanzisha, ilishindwa kwenda kwenye mashindano ya dunia Manchester kwa sababu Uingereza haikuzikubali pasipoti hizo. Wangeweza kutumia za Marekani wakasafiri. Walikataa, wakakosa mashindano.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba wenyeji hawapendi kupiga kura, muulize kwanza anamsema nani. Anayezuiwa mlangoni na anayekataa kuingia wote hawaonekani ndani, lakini si habari moja.

Wakishakuwa raia, Arizona ilipata wapi ujasiri wa kuwazuia?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa hiki ndicho kinachonirudia zaidi.

Mwaka 1928, kusini ya Phoenix, kwenye ardhi ya Gila River, Wapima wawili, Peter Porter na Rudolph Johnson, walitaka kujiandikisha. Katiba ya Arizona iliwanyima kura wenye ugonjwa wa akili na watu walio chini ya ulezi. Mahakama kuu ya jimbo ikakubali kwamba wawili hawa ni wakazi wa Arizona, ikakubali kwamba ni raia, kisha ikasema: lakini serikali ya Washington inawasimamia kama mlezi anavyomsimamia mtoto, basi wako chini ya ulezi, basi hawapigi kura.

Neno "mlezi" halikuanzia Arizona. Mwaka 1831, katika kesi ya Wacherokee dhidi ya jimbo la Georgia, Jaji Mkuu John Marshall aliandika kwamba uhusiano wa makabila na Marekani unafanana na wa mtoto na mlezi wake. Ilikuwa tamathali ya kuelezea mataifa. Karibu miaka mia moja baadaye tamathali ile ilitumika kumfungia mlango mtu mmoja mmoja, mwenye akili zake, shamba lake na watoto wake.

Hukumu hiyo ilidumu miaka 20. Katikati yake ikaja Vita Kuu ya Pili. Tarehe 23 Februari 1945, juu ya kilima cha kisiwa cha Iwo Jima, askari sita walisimamisha bendera ya Marekani na kupigwa picha ambayo huenda umeiona hata kama hujui ni ya wapi. Mmoja wao aliitwa Ira Hayes. Alikuwa Mpima, kutoka Gila River, nyumbani kwa kina Porter. Alirudi Marekani shujaa, akapelekwa mji hadi mji kuchangisha fedha za vita, akasalimiana na rais. Kisha akarudi kwao Arizona, ambako kisheria alihesabiwa sawa na mtoto na mgonjwa wa akili, na hakuweza kupiga kura hata ya kumchagua polisi mkuu wa kaunti.

Waliokwenda mahakamani ni wengine: Frank Harrison, askari mstaafu wa vita hiyohiyo, na Harry Austin, wote wa Fort McDowell. Walikwenda kujiandikisha kaunti ya Maricopa, wakafukuzwa, wakashtaki. Tarehe 15 Julai 1948 mahakama ya Arizona ilijirudi. Jaji Levi Udall aliandika kwamba neno ulezi katika katiba linamhusu mtu aliyewekewa mlezi na mahakama kwa utaratibu wa sheria, wala halihusu watu wote wa kabila.

Wiki tatu hazikuisha. Tarehe 3 Agosti 1948, jirani New Mexico, majaji watatu wa serikali kuu walimpa ushindi Miguel Trujillo, mwalimu mzaliwa wa kijiji cha Isleta aliyekuwa sajenti wa jeshi la majini. Huko katiba ya jimbo iliwanyima kura "Wahindi wasiolipa kodi". Trujillo alilipa kodi ya mapato, ya mafuta ya gari na ya bidhaa. Ambayo hakulipa ni ya ardhi ya kabila tu. Na mzungu asiye na ardhi, asiyelipa hata senti ya kodi ya ardhi, alipiga kura bila kuulizwa. Majaji waliliona hilo bila shida.

Na Utah je?

Utah ilisema mtu anayeishi kwenye eneo lililotengwa si mkazi wa Utah. Preston Allen, mtu wa kabila la Ute, alishtaki. Mwaka 1956 mahakama ya jimbo ikaikubali sheria ile, ikaeleza kwamba watu hao hawaijui sana serikali ya jimbo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokubali kuisikiliza rufaa, bunge la Utah likaifuta sheria haraka mwaka 1957, kesi ikafa. Ilikuwa rahisi hivyo. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuwabana.

Wanawake wa wenyeji walipata kura pamoja na wanawake wengine mwaka 1920?

Marekebisho ya 19 yalikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya jinsia, na wengi wao hawakuwa raia. Kuna kinaya chungu hapa. Miongoni mwa Haudenosaunee, kina mama wakuu wa koo ndio wanaomchagua chifu, na wanaweza kumvua. Wanawake wa kizungu wa New York waliopigania kura katika karne ya 19, kama Matilda Joslyn Gage, waliutazama utaratibu huo na kuusifu. Walipopata kura yao, wenye mfano walikuwa bado nje.

Zitkala-Ša, mwandishi wa Yankton Dakota, aliwahutubia wanawake wa kizungu akiwakumbusha hilo, kisha mwaka 1926 akaanzisha baraza la kuwaunganisha wenyeji wa makabila mbalimbali na kuwahimiza waitumie kura yao mpya.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 haikumaliza mambo?

Ilisaidia sana, lakini taratibu. Arizona ilikuwa na mtihani wa kusoma katiba kwa Kiingereza, na wazee wengi wa Kinavajo waliufeli kwa kuwa Kiingereza hawakukijua. Mtihani huo uliondoka Kongresi ilipoipiga marufuku mitihani ya aina hiyo nchi nzima mwaka 1970. Mwaka 1975 Kongresi iliongeza kifungu cha lugha. Pale ambapo wenyeji wasioelewa Kiingereza vizuri wamefikia idadi fulani, karatasi za kura na maelezo sharti yapatikane kwa lugha yao, na kama lugha haina desturi ya maandishi, yatolewe kwa mdomo. Kwa hiyo kwenye ardhi ya Navajo kuna wakalimani vituoni. Kuandikwa na kutekelezwa ni mambo mawili: mwaka 2014 mahakama ya serikali kuu huko Alaska iliikuta serikali ya jimbo na kosa la kutowapa wasemaji wa Kiyup'ik na Kigwich'in maelezo wanayostahili, karibu miaka 40 baada ya sheria.

South Dakota ni kisa cha peke yake. Kaunti mbili za Walakota, Shannon na Todd, ziliitwa kaunti "zisizopangwa" na kuendeshwa na maofisa wa kaunti jirani. Wakazi wake hawakuwa na kura ya kuwachagua maofisa hao hadi mahakama ilipoingilia mwaka 1975. Kaunti hizo mbili zilipowekwa kwenye orodha ya sehemu zinazolazimika kuomba kibali Washington kabla ya kubadili sheria za uchaguzi, mwanasheria mkuu wa jimbo, William Janklow, alishauri mwaka 1977 kwamba agizo hilo lipuuzwe. Likapuuzwa. Kati ya 1976 na 2002 jimbo lilipitisha sheria na kanuni za uchaguzi zaidi ya 600, likaombea kibali zisizofika kumi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliua utaratibu wa vibali nchi nzima.

Leo hii mwenyeji anazuiwa na nini, kama sheria zote hizo zimefutwa?

Anwani. Sitanii.

Sisi tuliokulia kwenye S.L.P. tutaelewa upesi kuliko Mmarekani wa mjini. Tanzania ilipoendesha operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, nyumba nyingi zilipata namba kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo mgeni alielekezwa kwa mwembe, kwa mashine ya kusaga na kwa mama fulani. Maeneo mengi ya wenyeji yako hivyohivyo. Barabara ni za vumbi, hazina majina, barua zinaishia kwenye sanduku la posta mjini, pengine mwendo wa saa nzima kwa gari.

Sasa tazama North Dakota. Mwaka 2012 Heidi Heitkamp alishinda useneta kwa tofauti ya kura zisizofika 3,000, na kura za maeneo ya wenyeji zilimsaidia. Mwaka 2013 jimbo likaanza kubana sheria ya vitambulisho, na ilivyoishia, kitambulisho sharti kionyeshe anwani ya mtaa unakolala. Sanduku la posta halikubaliki. Kitambulisho cha kabila chenye sanduku la posta hakikubaliki. Watetezi wa sheria walisema ni kuzuia udanganyifu. Kesi ilizunguka mahakamani miaka kadhaa, na tarehe 9 Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ikaiacha itumike. Uchaguzi ulikuwa tarehe 6 Novemba. Hesabu mwenyewe.

Wiki hizo nne makabila yalifanya kazi usiku na mchana. Yalitoa namba kwa nyumba zisizo na namba, yakachapisha vitambulisho bure. Kule Turtle Mountain mashine ya kuchapa ilipata moto hadi ikaanza kuyeyusha kadi. Watu walijitokeza kwa wingi kuliko ilivyozoeleka. Heitkamp alishindwa, na kwa kura nyingi; wapiga kura wengine wa jimbo walikuwa wameshamwacha. Ila mjini Fargo, Ruth Buffalo, mwanamke wa mataifa ya Mandan, Hidatsa na Arikara, aligombea ubunge wa jimbo, akamwangusha Randy Boehning. Boehning ndiye aliyekuwa mdhamini mkuu wa ile sheria ya vitambulisho. Mwaka 2020 jimbo lilikubaliana na makabila nje ya mahakama kuhusu anwani.

Si wapige kura kwa posta tu?

Posta gani? Kwenye kaunti za vijijini za Arizona, ni asilimia 18 tu ya wapiga kura wenyeji wanaoletewa barua nyumbani, wakati wazungu wa kaunti hizohizo ni asilimia 86. Takwimu hizo zimo katika maoni ya Jaji Elena Kagan wa Mahakama ya Juu ya mwaka 2021, alipopinga uamuzi wa wenzake. Watu walikuwa wakisaidiana: mwenye gari anakusanya karatasi za kura zilizofungwa za majirani na kuzifikisha. Mwaka 2016 Arizona ililifanya hilo kosa la jinai, isipokuwa kwa ndugu, watu wa kaya moja na walezi wa mgonjwa. Ndugu ni nani? Kwa Mnavajo ukoo mzima ni ndugu, kama kwetu ambako mtoto wa mama mdogo ni dada yako tu. Sheria inahesabu kwa damu na kwa ndoa. Mahakama ya Juu iliiacha isimame, majaji sita kwa watatu.

Kura zao ni chache. Zinaweza kubadilisha nini?

Mwaka 2002 Tim Johnson alibaki na useneta wa South Dakota kwa tofauti ya kura 524. Vituo vya mwisho kuhesabiwa vilikuwa vya kaunti ya Shannon, kwa Walakota wa Pine Ridge. Mwaka uliofuata jimbo lilitunga sheria ya kuonyesha kitambulisho chenye picha. Waliotunga wana maelezo yao, na sheria yenyewe inakubali vitambulisho vya makabila. Lakini weka kando ya North Dakota, 2012 na 2013, na hutanilaumu nikiinua nyusi.

Kaunti ya San Juan, Utah, ndiyo ninayoipenda. Wanavajo ni kama nusu ya wakazi, au zaidi kidogo, ila mipaka ya uchaguzi ilichorwa ili wengi wao wawe katika sehemu moja, wapate kiti kimoja kati ya vitatu. Jaji aliamuru mipaka mipya. Mwaka 2018 afisa wa kaunti akamwondoa mgombea Willie Grayeyes kwenye orodha, kwa madai kwamba hakai Utah. Tazama: mwaka 2018, na hoja ni ileile ya 1956. Jaji akamrudisha. Novemba ile Grayeyes na Kenneth Maryboy walishinda, na kwa mara ya kwanza Wanavajo wakawa wengi kwenye baraza la kaunti.

Mwaka huohuo Deb Haaland wa Laguna Pueblo na Sharice Davids wa Ho-Chunk walikuwa wanawake wa kwanza wenyeji kuchaguliwa kuingia Kongresi. Mwaka 2021 Haaland akawa waziri wa mambo ya ndani ya nchi. Ndiyo wizara ya Franklin Lane, yule wa mshale wa mwisho.

Wana serikali zao. Kwa nini wahangaike na kura ya wazungu?

Wanapiga kura zote mbili. Mnavajo anamchagua rais wa Taifa la Navajo, kisha anamchagua seneta wa Arizona. Mikataba ya ardhi na maji, hospitali na shule zao viko mikononi mwa Kongresi. Kujua kwamba wewe ni taifa hakumzuii mwingine kukupunguzia bajeti.

Nchi nyingine zilikuwaje?

Kanada, kwa miaka mingi, ilimtaka mwenyeji akane hadhi yake ya kabila ndipo apige kura ya taifa; sharti hilo liliondoka 1960. Australia iliwaruhusu wenyeji wote kujiandikisha kwa uchaguzi wa taifa mwaka 1962, jimbo la Queensland likafuata 1965 kwa uchaguzi wake lenyewe. Watu wengi hutaja kura ya maoni ya Australia ya 1967 kama ndiyo iliyowapa kura. Haikuwa hiyo, ile ilihusu kuhesabiwa kwenye sensa na mamlaka ya bunge kuwatungia sheria.

Na kwetu, wazee wa Tanganyika wanakumbuka uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959: mpaka uwe na elimu, kipato au cheo, na ukiwa nacho lazima umpigie Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilibishana Tabora, Januari 1958, kama iingie au isuse. Ni mjadala uleule wa Haudenosaunee, wenye jibu tofauti.

Nimetoka Kigoma, nimepata uraia wa Marekani, Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Sheria hizo za lugha zinanihusu?

Kifungu cha 1975 hakikutaji. Kinataja lugha za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska, lugha za watu wenye asili ya Asia, na Kihispania. Kiswahili hakimo, kwa hiyo kaunti hailazimiki kukuchapishia karatasi ya Kiswahili, ingawa nyingine huamua kusaidia.

Kuna kifungu kingine, namba 208, kilichoongezwa 1982, na hicho ni chako. Mpiga kura anayehitaji msaada kwa upofu, ulemavu au kutoweza kusoma na kuandika anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, na Wizara ya Sheria inawahesabu humo pia wasiosoma Kiingereza. Binti yako, jirani, mtu wa kanisani au msikitini, yeyote, mradi asiwe mwajiri wako wala wakala wake, wala kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Mwambie msimamizi wa kituo kabla hujapewa karatasi. Na kabla ya siku hiyo, hakikisha anwani iliyo kwenye kitambulisho chako ndiyo unayokaa sasa.